Santuri Kubwa Zilizopita Kimya

1928: dakika tatu kila upande

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli Unguja kwenda Bombay. Waliitwa na kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake, na kampuni hiyo ilikuwa na hesabu zake za kibiashara. Mashine za santuri zilikuwa zimeanza kuingia katika nyumba na mikahawa ya pwani, na wanunuzi walitaka kusikia lugha yao. Siti alizaliwa Fumba, katika familia ya watumwa na wafinyanzi. Alipofika Bombay alikuwa na kikundi kilichokomaa, wakiwemo Subeti Ambari na Buda Swedi, na kazi ikawa kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Kufikia 1930 walikuwa wamerekodi nyimbo zaidi ya 250.

Santuri ya enzi hiyo ilizunguka mara 78 kwa dakika na ilibeba kama dakika tatu kila upande. Taarabu haikuzaliwa kwa kipimo hicho. Ukumbini wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa, maana mashairi yanarudiwa, watu wanainuka kutunza na mpiga udi anajipa nafasi. Mbele ya kipaza sauti cha Bombay yote hayo yalikatwa ili wimbo utoshe kwenye sahani. Mnunuzi naye akazoea kuuliza dukani: wimbo gani umetoka?

Swali hilo lilidumu kwa zaidi ya miaka hamsini, na ndilo chanzo cha jambo ninalotaka kulieleza. Afrika Mashariki tunazo albamu ambazo zingestahili kutajwa popote muziki mkubwa unapotajwa. Hata hivyo mtu anayeweza kukuimbia nyimbo ishirini za Mbaraka Mwinshehe bila kukosea neno hawezi kukutajia albamu yake hata moja. Si kosa la msikilizaji wala la muziki. Albamu kwetu ilikuja kwa njia ya pembeni: mara baada ya kifo cha mwenyewe, mara kwa mkono wa mgeni, na mara nyingi ikauzwa mahali ambapo walioielewa hawakuwapo.

Morogoro na Mombasa, 1948–1965

Baada ya vita vya pili vya dunia, santuri za Kikuba za mfululizo wa GV, ambazo HMV, kampuni ileile ya nembo ya mbwa, ilikuwa ikizileta Afrika tangu miaka ya 1930, zilikwishafundisha vijana wa bara na pwani kupiga rumba. Mmoja wao alikuwa Salum Abdallah wa Morogoro. Mwaka 1948 alianzisha bendi ambayo baadaye ilijulikana kama Cuban Marimba, na mji wa Morogoro, uliokuwa tayari na Morogoro Jazz iliyoanzishwa 1944, ukawa na bendi mbili zilizogombea mashabiki mtaa kwa mtaa. Ushindani huo una sehemu kubwa katika ubora wa muziki uliotoka kwenye mji ule mdogo.

Tanganyika haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Nyimbo zilikwenda Kenya. Mombasa walikuwapo Assanand na wanawe, wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliokuwa na duka la muziki na lebo yao, Mzuri. Nairobi kulikuwa na studio na mitambo. Bidhaa ilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye wimbo mmoja upande huu na mwingine upande ule. Ilikuwa rahisi kuliko santuri kubwa, iliingia kwenye mashine za baa zinazokula sarafu, na mfanyakazi wa kawaida aliweza kuinunua siku ya mshahara. Mfanyabiashara hakuwa na sababu ya kumkalisha mwanamuziki studio wiki mbili atengeneze nyimbo kumi zinazoshikana.

Salum Abdallah alifariki 1965 kwa ajali ya gari, akiwa katika kilele chake. Hakuacha albamu. Iliyo mkononi mwetu leo, *Ngoma Iko Huku*, ni mkusanyo wa rekodi zake za 1955 hadi 1965 uliotolewa na lebo ya Dizim ya Ujerumani miongo mitatu na zaidi baada ya kifo chake. Mkusanyo kwa kawaida haushikani, lakini huu unashikana. Unaposikiliza moja kwa moja unaona mtu akiacha taratibu kumwiga Mkuba na kuanza kusema kwa sauti yake, Kiswahili kikipindisha mapigo ya rumba mpaka yakae kwenye maneno. Kama ningeulizwa nianze wapi kumwonyesha mtu muziki wa dansi ulitoka wapi, ningeanzia hapo, wala si kwa *Malaika* ambayo kila mtu anaijua.

Redio yenye kanda, nchi isiyo na kiwanda: 1964–1978

Kilichofuata Tanzania hakina mfano wa karibu katika nchi jirani. Bendi ziliingia mikononi mwa taasisi za umma. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Mazoezi yalikuwa asubuhi, dansi jioni. Kwa upande mmoja mfumo huo uliwapa wanamuziki utulivu ambao wenzao wa Nairobi hawakuujua. Kwa upande mwingine, mwanamuziki aliyeihama bendi aliondoka na kipaji chake tu, kwa kuwa hata gitaa halikuwa lake.

Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mrekodi mkuu. Bendi ilipeleka mashairi yakaguliwe, kisha ikaitwa studio Barabara ya Pugu, ikapiga nyimbo zake moja kwa moja kwenye kanda, na siku chache baadaye nchi nzima ikazisikia. Kanda hizo zilirekodiwa kwa ajili ya hewani. Hazikukusudiwa kuuzwa. Kwa hiyo ikatokea hali ya ajabu: muziki uliosikika zaidi nchini ndio usiopatikana dukani. Shabiki wa NUTA alijua nyimbo zote za bendi yake na hakuwa na hata moja nyumbani.

Jambo hilo liliathiri umbo la nyimbo zenyewe. Dansi la Tanzania lilijijenga kwa sehemu mbili: mwanzo wa taratibu ambamo kisa kinasimuliwa kwa ukamilifu, kisha chemko, magitaa yanapokaza na wachezaji wanajaa ukumbini. Wimbo wa namna hiyo unahitaji dakika saba, nane au zaidi. Kanda ya redio iliubeba mzima. Santuri ya mizunguko 45 iliupasua katikati, kisa upande A na chemko upande B, na mwenye mashine alilazimika kuinuka kugeuza sahani wakati mambo yameanza kunoga. Muziki huu ulikuwa ukidai santuri kubwa, na santuri kubwa ndiyo ambayo hakuna aliyeitengeneza.

Mbaraka Mwinshehe aliliona tatizo hilo mapema kuliko wengi. Alizaliwa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944, akajiunga na Morogoro Jazz miaka ya katikati ya 1960, na mpaka 1970 alikuwa amepiga jukwaani Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo. Mwaka 1973 aliondoka akaanzisha Super Volcano. Alipiga gitaa la solo na kuimba mwenyewe, akatunga bila kupumzika, na akaelewa kwamba redio ya nyumbani ilimpa jina ilhali fedha za santuri ziko Nairobi. Akawa anakwenda kurekodi huko. *Shida* uliuzwa Kenya kuliko karibu wimbo wowote wa wakati wake.

Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Wanasiasa waligombana kuhusu ndege na reli, na wanamuziki nao walipata hasara yao: soko moja likawa mawili. Santuri iliyokandamizwa Nairobi haikufika tena Dar es Salaam kwa njia ya kawaida. Wanamuziki waliendelea kupenya huku na huku, lakini biashara haikupenya nao. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka hiyo sita na ushee ndiyo miaka ambayo, kwa maoni yangu, muziki wa Kiswahili ulipigwa vizuri kuliko wakati wowote mwingine.

Januari 1979, akiwa Mombasa, Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. PolyGram ya Kenya ilishika kanda zake za awali, na katika miaka ya 1980 ikaanza kutoa santuri kubwa moja baada ya nyingine kwa jina la *Ukumbusho*. Hizo ndizo albamu zake. Wakenya walizinunua sana. Watanzania wengi walizijua kwa kanda zilizonakiliwa, zikiwa hazina jalada wala jina, na kwa sababu hiyo mpaka leo *Ukumbusho* haihesabiwi kuwa kazi moja. Nami nasema ihesabiwe. Ukikaa na juzuu mbili tatu mfululizo unasikia jinsi gitaa lake lilivyopungua maneno kadiri miaka ilivyokwenda: mwanzoni anajaza kila nafasi, mwishoni anaiachia sauti ya besi ipite kwanza ndipo ajibu. Wimbo mmoja mmoja hauwezi kukuonyesha hilo.

Nairobi, 1979–1983: London inakuja kununua

Wakati huo Nairobi ilikuwa imejaa. Walikuwapo Wakongo waliopitia Kampala, Lusaka au Dar es Salaam. Walikuwapo Watanzania, kama ndugu Wilson na George Peter Kinyonga wa Tanga, waliounda Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 sehemu ya bendi hiyo ilijitenga ikawa Les Wanyika, na *Sina Makosa* ya mwaka uliofuata ingali ikipigwa kwenye harusi za leo. Super Mazembe, iliyotoka Kongo kupitia Zambia chini ya Mutonkole Longwa Didos, ilifika 1974. Samba Mapangala, kijana wa Matadi, aliunda Virunga mwaka 1981. Kulikuwa na studio nzuri, kiwanda, na vilabu vilivyolipa.

Huko Uingereza, Bob Marley alikuwa amefariki Mei 1981. Kampuni zilizokuwa zimetajirika kwa rege zikaanza kutafuta Afrika atakayeshika nafasi yake. Kampuni ya Island ilimchukua King Sunny Adé wa Nigeria. Virgin ikatazama Nairobi, na mwaka 1982 ikatoa *Agwaya* ya Orchestra Makassy, kisha ikaja *Kaivaska* ya Super Mazembe.

*Agwaya* ndiyo ninayoililia zaidi. Mzee Makassy alikuwa Mkongo aliyepitia Uganda, bendi yake ikawa na makao Dar es Salaam, na walipokwenda Nairobi kurekodi walikuwa na Mose Fan Fan, mpiga gitaa aliyewahi kuwa TP OK Jazz ya Franco. Wimbo wa albamu hiyo unaojulikana zaidi ni *Mambo Bado*. Bendi hiyo ndiyo pia iliyomleta Dar es Salaam Remmy Ongala, ndugu wa Makassy aliyekuja kutoka Kongo mwaka 1978 kujiunga nayo. Ndani ya *Agwaya* kuna Kiswahili na Kilingala vikipokezana bila kusukumana, na kuna magitaa yaliyorekodiwa kwa usafi ambao studio ya redio haikuweza kuutoa kwa vifaa ilivyokuwa navyo. Kuna wimbo unaoitwa *Kufilisika Sio Kilema*. Fikiria jina hilo limeandikwa kwenye jalada katika duka la London, mnunuzi akiligeuza huku na huku, wakati mwenye kulielewa yuko Manzese kwenye foleni ya unga na sabuni.

Hapo ndipo kosa lilipo. Virgin ilimtafuta nyota mmoja mwenye sura ya kuwekwa kwenye bango, na bendi za Kiswahili hazikuwa na umbo hilo. Zilikuwa na waimbaji watatu wanne, wapiga gitaa wanne, na utunzi uligawanyika. Hakuna aliyeweza kusimama peke yake kwenye televisheni. Mauzo hayakufikia matarajio, kampuni ikageukia mambo mengine. Nyumbani nako mpaka ulikuwa umefungwa na fedha za kigeni hazikuwapo, kwa hiyo albamu iliyotengenezwa na bendi ya Dar es Salaam haikuwahi kuwa bidhaa ya Dar es Salaam. Iliadimika kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya nyimbo zake kutolewa tena. Bendi yenyewe haikudumu. Fan Fan alikwenda London akaongoza bendi ya Somo Somo. Remmy alikuwa amekwishahamia bendi ya Matimila.

*Malako* ya Virunga ilipata bahati zaidi, kwa sababu lebo ya Earthworks iliitoa tena 1990 kwa jina la *Virunga Volcano*, na wakosoaji wa Ulaya waliisifu. Sitaitetea sana, imeshapata watetezi.

Kanda, wageni na mnyonge: 1984–1992

Tanzania ya katikati ya miaka ya 1980 ilifungua milango ya biashara, na kwenye shehena za kwanza zilikuwamo redio kaseti. Kariakoo ikajaa vibanda vya kurekodia. Uliingia na orodha yako, ukachagua nyimbo, kijana akakurekodia kwenye kanda tupu, ukalipa ukaondoka. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa msikilizaji na msiba kwa mwanamuziki, ambaye hakupata hata senti. Kwa mada yetu ulikuwa na athari nyingine: kila mtu akawa mtengenezaji wa albamu yake mwenyewe. Upande A Sikinde, yaani Mlimani Park, upande B Msondo, yaani NUTA ya zamani, mwishoni nusu ya wimbo wa bendi ya Maquis ulipoishia utepe. Wazo kwamba bendi ndiyo inayopanga nyimbo zake zifuatane vipi halikupata nafasi ya kuota mizizi.

Wakati huohuo, katika London ya mwaka 1987, wenye lebo ndogo na waandishi walikubaliana kuuza muziki wa nje ya Ulaya na Marekani chini ya jina moja la biashara, muziki wa dunia, ili maduka yawe na mahali pa kuuweka. Uamuzi huo ulileta mashine za kurekodia Zanzibar. Lebo ya GlobeStyle ilitoa mfululizo wa *Music of Zanzibar*, ikiwemo rekodi ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, na nyingine ya Culture Musical Club. Mwaka 1990 ikaja *Mtindo wa Mombasa* ya Zein Musical Party, ambamo udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, umewekwa mbele kuliko ulivyozoeleka kwenye kanda za harusi, na unasikia kucha ikigusa waya.

Lakini albamu ya taarabu ambayo nasikitika kuona haitajwi ni *Nyota*, ya 1989, inayokusanya Black Star na Lucky Star za Tanga. Watu wa Unguja walikuwa na fidla na ganuni, mapokeo yaliyofuatwa Misri tangu enzi za masultani. Tanga haikuwa na kasri. Ilikuwa na bandari, mkonge, reli na vijana waliokulia kwenye bendi za dansi, na vikundi vyake vikachukua magitaa ya umeme na besi, vikafupisha utangulizi, vikaharakisha mwendo. Mbele ya hayo wakasimama wanawake. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliimba kwa sauti isiyopanda kwa nguvu, ikaacha maneno yafanye kazi. Mtindo huo ulienea pwani nzima mpaka Mombasa, Burundi na Kongo ya mashariki, na taarabu ya kisasa iliyotawala Dar es Salaam miaka ya 1990 ilipita kwenye mlango ambao Tanga iliufungua. *Nyota* ndiyo ushahidi uliokaa mahali pamoja. Kijitabu chake kina maelezo mazuri kwa Kiingereza, na diski yake iliuzwa kwa fedha ambazo mkazi wa Ngamiani, Tanga, hakuwa nazo.

Remmy Ongala ndiye aliyefika mbali zaidi. Rafiki mmoja alichukua kanda ya Super Matimila kwenda nayo Uingereza, ikawafikia watu wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 bendi ikaalikwa. Mwaka uliofuata lebo ya Real World ikatoa *Songs for the Poor Man*, iliyorekodiwa kwenye studio za Peter Gabriel huko Wiltshire. Huwezi kuiita albamu iliyosahaulika, kwa kuwa Ulaya bado inaorodheshwa. Nyumbani, hata hivyo, Remmy anakumbukwa kwa *Mambo kwa Soksi*, wimbo wa kuhimiza kondomu ambao Radio Tanzania iliukataa na watu wakaupitishiana kwa kanda. Anakumbukwa pia kwa kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy. Albamu yenyewe, yenye *Kipenda Roho* na *Sauti ya Mnyonge* iliyopigwa na bendi iliyopata siku kadhaa za studio bila haraka, wengi hawajawahi kuisikia kuanzia mwanzo mpaka mwisho. *Mambo* ya 1992 iliweka Kiingereza zaidi ili kumfikia mgeni, na naona ilipoteza kitu.

Mwisho wa Wanyika na kanda za Barabara ya Pugu

Miaka ya 1990 mwanzoni kampuni kubwa za kigeni zilikuwa zimefunga virago Nairobi, au zimebaki jina. Simba Wanyika walialikwa Uholanzi, wakarekodi huko *Pepea*, iliyotoka 1992. Ni albamu ya kwanza na ya mwisho ya bendi hiyo kutengenezwa kwa ajili ya diski. Nyimbo zilikuwa za zamani, zimepigwa upya na watu waliozipiga miaka ishirini, na zina utulivu wa mtu asiyehitaji kumshawishi yeyote. Mwishoni mwa mwaka huohuo George alifariki, na Wilson akafuata 1995. Bendi ikazikwa nao.

Dar es Salaam kulikuwa na hazina nyingine: kanda za redio. Mlimani Park ilianzishwa 1978, ikichukua watu kutoka NUTA na Dar International, wakiwemo Muhiddin Maalim, Hassani Bitchuka, Abel Balthazar, Michael Enock na Cosmas Chidumule. Ilipitia mikononi mwa shirika la usafiri la TTTS, na 1983 ikawa ya shirika la DDC. Kwa muda wa miaka kumi hivi, mashairi ya Sikinde yalikuwa ndiyo mazungumzo ya nchi. Watu waligombana kuhusu visa vyake kama vimetokea mtaani kwao. Mwaka 1994 lebo ndogo ya Detroit, Africassette, ikatoa *Sikinde*, na mwaka huohuo lebo ya Frankfurt ikatoa *Sungi*.

Naiweka *Sikinde* juu ya nyingine zote nilizozitaja. Kila kitu ambacho santuri ndogo ilikipasua kimebaki kizima ndani yake: kisa, kiitikio, ukimya mfupi kabla ya chemko, tarumbeta na saksafoni zinazoingia kwa pamoja, na Bitchuka akipokea sauti juu. Wanaopenda rumba ya Kongo huiona nzito na ya taratibu. Nadhani wanasikiliza magitaa na kuacha maneno, na Sikinde bila maneno ni nusu ya Sikinde. Ndiyo maana albamu hii ilihitaji msikilizaji wa Kiswahili kuliko albamu nyingine yoyote, na ndiyo iliyotolewa Marekani.

1995–2005: albamu inakuja nyumbani kwa muda mfupi

Redio binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, vijana wa rapu walipata kilichowashinda wazee wao: soko la ndani la albamu nzima, kwenye kanda, lenye jalada na jina. Mr. II alifungua njia kwa *Ni Mimi* mwaka 1995. Wasambazaji wa Kariakoo walinunua kazi kwa mkupuo na kuisambaza mpaka Mwanza na Songea. Malipo yalilalamikiwa kila siku, na kwa haki. Lakini kwa mara ya kwanza mtoto wa Mbeya alinunua albamu ya Mtanzania, akaijua kwa mpangilio wake, wimbo wa kwanza mpaka wa kumi.

Kutoka kipindi hicho nachagua *Funga Kazi* ya Hard Blasters ya mwaka 2000, na *Machozi, Jasho na Damu* ya Professor Jay iliyofuata 2001 chini ya mtayarishaji P Funk. Hii ya pili inajulikana kwa *Ndio Mzee*, kejeli ya mwanasiasa muahidi, na kujulikana huko ndiko kulikoifunika. Wimbo mmoja ulipendwa kiasi kwamba watu wakaacha kuuliza kuhusu zilizobaki, ambamo mna simulizi za mijini zilizopangwa kwa ufundi wa mtunzi wa dansi. Mpiga kampeni wa *Ndio Mzee* alikuja kuwa halisi: mwaka 2015 Jay mwenyewe aligombea na kushinda ubunge wa Mikumi.

Kisha diski za kunakili, faili za MP3 na simu zikafika, msambazaji akakimbia, na wimbo mmoja mmoja ukarudi kwenye kiti chake.

Kilichobaki kwenye rafu

Mwaka 2005 mfululizo wa *Zanzibara*, wa lebo ya Ufaransa ya Buda Musique, ulianza kurudisha taarabu na dansi kwa mpangilio, juzuu kwa juzuu, kuanzia miaka mia ya Ikhwani Safaa mpaka Dar es Salaam ya 1978–1983. Kazi nzuri, na tena imetoka nje.

Mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya waliufufua *Kasongo* wa Super Mazembe, wakaufanya jina la utani la Rais Ruto, ukazunguka mitandaoni kwa miezi. Watoto waliozaliwa baada ya bendi kusambaratika waliuimba wakijua kila neno. Sikusikia mtu akiuliza habari za *Kaivaska*.

Kanda za Radio Tanzania sasa ziko chini ya shirika la utangazaji, TBC, na kuna swali la kisheria juu yake ambalo linakwamisha mambo kuliko vumbi. Redio ilirekodi kwa fedha za umma, bendi zilikuwa mali ya mashirika ambayo mengine hayapo tena, watunzi wengi wamefariki, na sheria ya hakimiliki ya 1999 ilikuja wakati kazi kubwa imeshafanyika. Anayetaka kutoa albamu kamili ya NUTA Jazz, yenye tarehe na majina ya wapigaji, lazima kwanza ajue amlipe nani: shirika la utangazaji, warithi wa chama cha wafanyakazi, au watoto wa mtunzi. Kinachotakiwa ni makubaliano ya maandishi kati ya pande hizo tatu na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, wimbo kwa wimbo, yaanze na bendi ambazo wazee wake wachache bado wapo wa kutaja ni nani alipiga nini.